Muulize Mwalimu: Nimefunga mkanda mweusi, mbona bado napigwa?

Mwezi huu ni kama mmepigiana simu. Barua tano, na zote zinazunguka kitu kimoja: kile kitambaa cha pamba kinachozungushwa kiunoni mara mbili kisha ncha zikaachwa zining'inie. Nimefundisha karate miaka 27. Judo niliianza nikiwa mtu mzima, na huko hadi leo nina mkanda wa kahawia, kwa hiyo msinisome kama mtu anayezungumza akiwa kileleni.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 34. Baada ya miaka sita ya karate nilifaulu mtihani wa mkanda mweusi, sasa ni miezi mitatu. Nyumbani walishangilia hadi nikaona aibu. Wiki iliyofuata rafiki yangu anayecheza ndondi akanialika tucheze raundi tatu za kirafiki. Sikumgusa hata mara moja. Yeye ana miezi kumi na minne tu ya mazoezi. Tangu siku hiyo nikifunga mkanda najiona kama nimevaa nguo ya kuazima. Je, nilidanganywa?*
*— Mwenye nguo ya kuazima*

Marahaba, mwanangu. Hukudanganywa, ila kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekuambia, na ni afadhali ulisikie kwangu kabla hujautupa mkanda wako uvunguni.

Tuanze na hizo raundi. Mlivaa glovu, mateke bila shaka yalikatazwa, na mlisimama kwa umbali anaoupenda bondia. Katika karate wengi tunayoifanya, ngumi ya uso inasimamishwa kabla haijazama. Wewe umeifanyia mazoezi breki hiyo kwa miaka sita. Mwenzako kila jioni anaifikisha, na kila jioni anafikishiwa. Kichwa chake kimejifunza kukwepa kwa kupigwa. Mwombe siku moja mcheze kwa kanuni zako, uone atakavyohangaika. Hata hivyo usijifiche hapo. Kama ndani ya miaka sita hujawahi kupambana na mtu asiyefuata utaratibu wenu, mtu anayekuja hovyo na kwa kasi, basi mazoezi yako yana tundu. Linazibika, lakini mkanda hauzibi.

Sasa mkanda wenyewe. Daraja ulilopewa linaitwa shodan. Herufi ya kwanza ya neno hilo kwa Kijapani ni ile ya "mwanzo", ile ile wanayoitumia kuitaja theluji ya kwanza ya msimu. Dan ni ngazi. Ngazi ya mwanzo, basi. Japani kijana wa sekondari anayefanya judo kila siku anaweza kuifikia kabla hajamaliza shule, na jirani zake hawatoki nje kumtazama.

Aliyebuni mambo haya ni Kano Jigoro, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882 katika chumba cha hekalu chenye mikeka 12 na wanafunzi wa kuhesabika. Mitindo ya zamani ya jujutsu, mapambano ya Kijapani ya mikono mitupu yaliyoizaa judo, ilikuwa ikitoa hati za kukunja, na mtu angeweza kukaa miaka mingi kati ya hati moja na nyingine asijue amefika wapi. Kano alikuwa mwalimu wa shule, na mwalimu wa shule anajua mtoto asiyeona maendeleo yake huacha masomo. Akaazima ngazi za dan kutoka kwenye mchezo wa ubao uitwao go. Mwaka 1883 akawapa shodan vijana wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Piga hesabu: shule yenyewe ilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Wala hawakufungwa kitu cheusi siku hiyo. Weusi kiunoni ulikuja 1886, na mkanda mwembamba wa namna tunayoifunga leo ukafuata 1907. Karate iliuazima utaratibu huo kutoka judo. Funakoshi Gichin alitoka Okinawa akaenda Tokyo mwaka 1922, na mikanda yake myeusi ya kwanza akaitoa 1924. Si wote walioipokea walioanzia sifuri mikononi mwake, lakini unaona picha: hapakuwa na mzee wa miaka themanini aliyeshuka mlimani.

Huyo mzee wa mlimani tulimtengeneza baadaye. Baada ya Vita Kuu ya Pili kuisha 1945, wanajeshi wa Marekani waliokaa Japani na Okinawa walirudi kwao na mikanda yao, na kwa watu ambao hawajawahi kuona dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, rangi ile ikawa kama uchawi. Filamu zikamalizia kazi.

Nikueleze yangu. Mtihani wa kwanza nilifeli. Kata, yaani mfululizo wa mapigo na vizuizi uliopangwa unaochezwa peke yako, ilikuwa Bassai Dai, na niliicheza kwa sauti na jasho, nikijiona simba. Mtahini, mzee mfupi aliyekuwa na mafua siku hiyo, hakusema neno juu ya ngumi zangu. Aliuliza, "Kisigino chako cha nyuma kinafanya nini?" Nikasema sijui. "Ndiyo, nimeona kwamba hujui." Miezi sita iliyofuata mwalimu wangu aliniwekea kipande cha karatasi chini ya kisigino kila nilipopiga ngumi. Karatasi ikivutika bila kuchanika, narudia. Nilizichukia karatasi. Hadi leo nikiona risiti imeanguka sakafuni mguu wangu unataka kuikanyaga.

Mara ya pili nilifaulu. Jumatatu yake nikaja dojo na mkanda mgumu kama ubao, maana mkanda mpya haukubali fundo, nikitegemea sasa nitafunguliwa kabati la siri. Mwalimu akanionyesha wageni watatu wa mkanda mweupe. "Wafundishe kusimama." Ni zenkutsu-dachi, mguu wa mbele umekunjwa, wa nyuma umenyooka. Nilikuwa nimesimama hivyo mara zisizohesabika. Mmoja akauliza kwa nini wa nyuma unyooke. Nikafungua mdomo, halikutoka neno. Jioni hiyo hiyo mwenzake, aliyekuwa na wiki tatu tu za mazoezi, akanitwanga pua, kwa sababu alitupa mkono ambao mtu aliyefundishwa hautupi. Damu ikadondokea mkanda. Kwenye rangi nyeusi haionekani, nashukuru.

Wiki hiyo ndipo nilipoelewa nilichopewa. Mwalimu alikuwa ananiambia kwamba sasa anaweza kunisahihisha bila kurudi kwenye alfabeti, na kwamba anaweza kuniachia mtu mwingine mikononi asiogope nitamvunja. Ni maneno ya mwalimu mmoja, juu ya mwanafunzi mmoja, kwa mtindo mmoja. Bondia wako hakuwemo kwenye mazungumzo hayo.

Rudi kwake. Mwombe akufundishe kichwa kukaa pabaya na kutoka salama, raundi mbili kwa wiki, na mbele yake jihesabu mkanda mweupe. Yeye hana mkanda wowote na usingizi anaupata. Kwao mkanda anapewa bingwa, na akipigwa ananyang'anywa. Wetu haunyang'anywi, ndiyo maana ni rahisi kuutwisha mzigo usio wake.

*Mwalimu, mwanangu ana miaka tisa. Anapenda taekwondo kupita kiasi. Klabu yake inafanya mtihani kila baada ya miezi miwili, na kila mtihani una ada. Juzi nikapewa fomu ya "mpango wa mkanda mweusi": nikilipa yote sasa, atavaa mweusi tarehe iliyoandikwa. Mume wangu anasema ni biashara. Mimi namwonea huruma mtoto. Nisaini?*
*— Mama mwenye kalamu mkononi*

Weka kalamu chini, dada yangu.

Ada ya mtihani si dhambi. Watahini wana nauli, ukumbi unakodiwa, cheti kinachapishwa. Rangi nyingi nazo si dhambi. Kano na wenzake walitosheka na rangi chache. Utitiri wa rangi ulichanua Ulaya, na jina linalotajwa zaidi ni la Kawaishi Mikinosuke, aliyefundisha judo Paris kuanzia 1935 na kuona kwamba wanafunzi wake wanahitaji kitu cha kushika njiani. Alikuwa sahihi. Nimeona mtoto aliyekuwa anajificha nyuma ya mama yake akitembea kifua mbele kwa sababu ya mkanda wa njano. Siwezi kuucheka mkanda wa njano.

Kinachonisumbua kwenye fomu yako ni tarehe. Mtihani wenye jibu kabla ya siku yake ni risiti. Nenda kamuulize mwalimu wake swali moja, kwa upole, ukimtazama: mara ya mwisho mtoto kufeli hapa ilikuwa lini? Akikumbuka, akakueleza ni nani (jina hulihitaji) na alirudi vipi, kaa naye. Akikujibu kwamba hapa hatufelishi watoto, umeshajibiwa.

Na kuhusu umri. Katika taekwondo inayotambuliwa na Kukkiwon, makao yake makuu yaliyoko Seoul, mtoto wa chini ya miaka 15 hapewi dan. Anapewa poom, na mkanda wake ni nusu mwekundu nusu mweusi. Ni njia nzuri ya kusema: umefanya kazi, na mwili wako bado unakua. Jujutsu ya Kibrazili imekaza zaidi. Katika shirikisho lao kubwa mkanda mweusi hautolewi kwa aliye chini ya miaka 19, na wengi huufikia baada ya miaka kama kumi hivi. Kwa hiyo ukisikia watu wawili wanajisifu kwa mkanda mweusi, mmoja wa michezo hii na mwingine wa mchezo ule, ujue wanalinganisha sarafu za nchi mbili.

Mtoto asiondolewe mazoezini kwa sababu ya fomu ya watu wazima. Mlipie mwezi kwa mwezi. Akiulizwa nyumbani amejifunza nini, asitaje rangi, aonyeshe kuanguka. Mtoto anayejua kuanguka bila kuumia amepata kitu ambacho mimi nilikipata nikiwa na miaka arobaini, kwa maumivu.

*Nimeambiwa mkanda mweusi haufuliwi, eti ukifuliwa nguvu zinatoka, na kwamba zamani ulikuwa mweupe ukawa mweusi kwa uchafu. Ni kweli?*
*— Mwenye ndoo*

Fua. Maji baridi, usipige pasi, anika kivulini. Hadithi ya uchafu ni tamu, lakini umeshasoma hapo juu rangi ilivyoanza. Kwanza Wajapani wanajisugua na kujisuuza kabla ya kuingia kwenye beseni la kuogea, uwaambie wavae jasho la miaka kumi? Nguvu inayotoka mkandani ukiufua inaitwa harufu.

Na ukiuona mkanda wa mtu umechakaa kingo hadi pamba nyeupe ya ndani inachungulia, usikimbilie kuinama. Wapo wanaousugua kwa msasa. Niliwahi kumkuta mmoja chooni, msasa mkononi. Tuliangaliana, nikanawa mikono, nikatoka.

*Mwalimu shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 22, nina dan ya kwanza ya judo. Wavulana wa klabu yetu husema mkanda mweusi wa mwanamke ni wa huruma. Kocha anasikia na kucheka. Nijibu nini?*
*— Mweusi ni mweusi*

Marahaba. Usijibu kwa mdomo.

Ila ujue umesimama kwenye foleni ndefu. Kwa miaka mingi mwanamke wa judo akifunga mweusi, mkanda wake ulikuwa na mstari mweupe uliopita katikati, ili asije akachanganywa na "wenyewe". Na yupo Fukuda Keiko. Babu yake alikuwa mmoja wa waliomfundisha Kano jujutsu, na Kano mwenyewe ndiye aliyemwalika binti huyu mazoezini, akaanza 1935. Alipata dan ya 5 mwaka 1953. Akakaa hapo hadi 1972, kwa kuwa hakukuwa na utaratibu wa kumpandisha mwanamke zaidi ya hapo. Miaka 19 mtu anafundisha, anavuka bahari, anaandaa walimu, na mkanda unasema bado yuko pale pale. Dan ya 10 alipewa na chama cha judo cha Marekani mwaka 2011 akiwa na miaka 98, na alifariki 2013. Niambie, katika ile miaka 19 ni nani hasa alikuwa anapimwa, yeye au waliokuwa wanapima?

Kwa hiyo wanaposema "huruma" wana kipande kidogo cha ukweli, wamekishika kichwa chini. Daraja hutoka mikononi mwa watu, na watu wana upendeleo. Huo upendeleo kwa historia yake yote umewabeba wao kuliko wewe.

Kama dojo yako ilikupunguzia kitu kwenye mtihani, wewe unajua. Kadai ukifanye. Kama haikukupunguzia, wanaosema hivyo waalike kwenye mazoezi ya kurushana, mmoja mmoja, dakika nne nne, na uwachague wa uzito wako. Kuhusu kocha anayecheka, mtafute mkiwa wawili umwambie kwamba anacheka saini yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekupeleka kwenye mtihani.

*Mwalimu, niliacha karate miaka kumi na miwili iliyopita nikiwa na dan ya kwanza. Uzazi, kazi, kisha goti. Sasa nataka kurudi. Mkanda wangu upo kwenye begi. Je, niufunge? Naogopa kuumbuka mbele ya watoto wa mkanda wa bluu. Au nianze na mweupe?*
*— Mwenye begi*

Dada, wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Karibu ngamani.

Swali lako ndilo nililolipenda kuliko yote, maana nalijibu kila wiki kwa mwili. Jumanne nafundisha nikiwa nimefunga mweusi, watu wananiinamia. Alhamisi naenda judo, nafunga kahawia, na kijana wa miaka 19 ananirusha hadi dari linabadilika kuwa ukuta. Mtihani wangu wa shodan ya judo umekwama kwenye Nage-no-kata, kata ya mirusho inayochezwa na watu wawili. Zinatakiwa seti tatu za kwanza, mirusho tisa, kila mmoja kulia na kushoto, na ule wa tatu wa seti ya kwanza, kata-guruma, inakudai umbebe mwenzako mabegani. Mwenzangu ana kilo 81. Tunaendelea kujadiliana, yeye na mgongo wangu.

Kwa hiyo nakuambia nikijua aibu hiyo inavyonuka. Hudumu kama wiki tatu.

Daraja lako halikuisha muda. Ulichokuwa unakijua ulikijua, na cheti hakisemi uongo juu ya siku kilipoandikwa. Kilichoisha ni pumzi, na umbali wa ngumi, ambao ndio wa kwanza kuondoka na wa mwisho kurudi. Ukifunga mweupe, watakaokuja nyuma yako watadhani hujui, watakupiga kama asiyejua, na goti lako ndilo litakalolipa. Pia utamnyima mwalimu habari anayoihitaji. Mkanda ni wa kumsaidia yeye akitazama ukumbi wa watu thelathini ajue nani apewe nini. Mwenye kujidai mnyenyekevu kwa kufunga mweupe anamchanganya.

Kwa hiyo mpigie mwalimu kabla, umweleze miaka kumi na miwili na goti. Wengine watakuambia ufunge wako, wengine wataomba mwezi mmoja bila mkanda wa rangi hadi waone. Lolote atakalosema, fanya hilo. Akikuachia uamue, funga wako, nenda kasimame mwisho wa mstari wa weusi, na mtoto wa bluu akikufunga bao mwambie "tena".

Zenkutsu-dachi ya wiki za mwanzo iwe fupi, goti la mbele lisipite vidole. Na huo mkanda uanze kuutoa kwenye begi leo usiku uulaze juu ya kiti, maana umekunjika miaka kumi na miwili na fundo halitakaa.